Ngoma ya Kitanda cha Dirishani

Haya yalimpata rafiki yangu, na yeye si mtu wa kutunga. Kazi yake ni kuwapigia gitaa watoto waliolazwa na maradhi mazito, na ana desturi moja: hamalizi wimbo. Pigo la mwisho anamwachia mtoto, alipige mwenyewe kwenye ngoma ndogo.

Binti wa kitanda cha dirishani aligoma katakata. "Nikipiga utaondoka, dada," alisema, amekumbatia kijiti cha ngoma. "Sipigi ng'o!" Rafiki yangu akacheka, akarudi kesho yake, na kesho yake tena.

Binti akafariki, pigo hajalipiga.

"Umalizie wewe ule wimbo, mwenzangu, upate kupumzika," nesi alimwambia.

"Wimbo ni wake," akafoka. "Simalizii mtu mimi!"

Akaipeleka ngoma stoo, chumba kisicho na dirisha, akaifungia kabatini kwa kufuli pamoja na kijiti chake. Hapo hapo umeme ukakatika. Giza totoro. Badala ya kutoka, akaketi sakafuni na gitaa lake, akaupiga ule wimbo kwa ukaidi, akaishia palepale walipozoea kuishia. Akangoja. Alisikia pumzi zake tu.

Kisha ngoma ikalia kabatini. Halikuwa pigo la mwisho. Ilianza wimbo upya.

Hakukimbia. Aliifuata kwa gitaa mpaka umeme ukarudi na ngoma ikanyamaza. Akafungua kufuli. Kijiti kilikuwa palepale alipokiweka, kina joto, kimelowa jasho la kiganja.