Kiti cha Nyuma Kushoto

"Wewe wa shati ya pinki! Gari yako inakojoa!"

Mtaa wote wa Makutano, pale Meru, uligeuka kutazama. Runji, fundi cherehani kutoka Embu, ndiyo kwanza alikuwa anatoka katika duka la vitambaa la Sahra akiwa amekumbatia robota la satini nyeupe, shati lake limepigwa pasi utadhani anakwenda kuposa. Aliyempigia kelele alikuwa mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani na ovaroli ya bluu iliyokuwa nyeusi magotini. Jina lake Gatwiri. Gereji yake ilikuwa mkabala na duka hilo, na kila aliyewahi kumwambia kwamba kutengeneza magari si kazi ya wanawake alijibiwa papo hapo, tena kwa sauti.

Alijitupa chini ya lile gari kuukuu bila kuomba ruhusa, akatoka na kidole kilicholowa.

"Oili ya injini ingekuwa nyeusi tii. Hii hebu nusa."

Runji akanusa, akakunja uso. "Mayai viza!"

"Hiyo ni ya giaboksi."

"Naona inavujia hapo katikati, si ndiyo?"

"Hapo ndipo inadondokea, kaka. Upepo wa barabara huisukuma nyuma. Tunapangusa yote, unazunguka kidogo, halafu tunatafuta inapoanzia."

Wakapangusa. Runji akazunguka hadi stendi na kurudi, na kweli, oili mpya ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye sili, ule mpira wa kuzuia oili pale shafti ya kushoto inapoingia giaboksi. Gatwiri hakuishia hapo. Alipiga teke tairi la nyuma.

"Na hizi mbona kubwa hivi? Zinasugua madigadi."

"Nilitaka gari isimame vizuri, ionekane."

"Sasa imevaa viatu vya babake. Lete za saizi yake."

Runji alicheka mpaka robota likamponyoka. Alipoondoka jioni, gari halikuvuja wala halikusugua, na namba ya simu ya Gatwiri alikuwa ameihifadhi kwa jina la Daktari.

Simu zikaanza.

"Daktari, inalia shwii, shwii."

"Ukikata kona ama ukipita bampu?"

"Nikikufikiria."

"Basi hiyo si gari, ni wewe. Jilete."

Alijileta kila Jumamosi. Walikula nyama choma nyuma ya stendi, yeye katika suti zake za kumetameta, Gatwiri na ovaroli yake, mkono wa bwana umeshika ule wa bibi, grisi na yote. Gatwiri alipenda jinsi Runji asivyofuta mkono baadaye. Alimpenda, basi. Hakuona sababu ya kulificha jambo hilo.

Jumamosi moja alikuwa anaikagua ile sili, akaingiza mkono ndani ya madigadi ya nyuma kushoto, juu ya tairi. Rangi ilikuwa imekwaruzwa upya. Tairi zilikuwa za kipimo chake sasa, na upande wa kulia haukuwa na hata alama. Springi ya kushoto ilikuwa imelala. Mtu mzito alikuwa anakaa pale, tena kila mara.

"Runji, nani hukaa huku nyuma?"

"Nyuma? Hakuna mtu. Nimetoka Embu peke yangu, mpenzi."

"Na mizigo?"

"Huwa kwa buti."

Alijibu huku akiangalia viatu vyake. Gatwiri alimtupia funguo.

"Chukua gari yako. Na huyo unayembeba mwambie apunguze mandazi."

Aliumia, tena sana. Alilia akiwa chini ya lori la mteja wake Mahamed, mahali ambapo machozi yangeweza kuitwa vumbi, na simu ya Runji hakuipokea tena. Majuma yakapita, mpaka namba ngeni ikapiga.

"Usikate, tafadhali. Tairi imejisugua mpaka imepasuka. Niko Nkubu, barabara ya Embu, na jeki yangu imevunjika."

"Uko peke yako?"

"Hapana. Njoo umwone."

Gatwiri alichagua ovaroli chafu kuliko zote, akapanda bodaboda na jeki mapajani. Kama ni kumwona huyo malkia, basi malkia naye amwone yeye vizuri.

Gari lilikuwa limeinamia kushoto kando ya soko. Ndani, kiti cha nyuma kushoto, alikaa mzee mnene wa koti la kaki, kofia kichwani, mikono juu ya mkongojo. Alikuwa Kithaka, babake Runji, chifu aliyestaafu zamani lakini hakuacha kuwa chifu. Tangu enzi za Landirova ya serikali, kiti chake kilikuwa hicho hicho.

"Yeye huwa na kliniki ya goti hapa kila Jumamosi," Runji alisema. "Namwacha, nakuja kwako."

"Na kwa nini ulinidanganya?"

Mzee akamjibia kupitia dirishani.

"Kwa sababu nilimkataza. Kijana wangu hataoa msichana wa kulala chini ya magari ya wanaume."

Wauza ndizi walisogea karibu. Gatwiri akaitua jeki chini.

"Bora ingekuwa mwanamke," alimwambia Runji. "Mwanamke ningeshindana naye. Lakini huyu anakaa nyuma yako akinitukana, na wewe unaendesha tu!"

"Niliendesha tu. Ni kweli." Runji alimsogelea Gatwiri. "Ulisema tutafute inapoanzia. Inaanzia kwa uoga wangu. Baba, nisikie. Huyu ndiye. Ukibariki nitafurahi, ukikataa nitamwoa."

Alifungua buti, akatoa kifurushi juu ya marobota. Ilikuwa ovaroli mpya ya bluu, jina GATWIRI kifuani kwa uzi mwekundu, na bitana ya satini nyeupe, ile ile ya Makutano.

"Maharusi wengine nawashonea nguo ya siku moja. Wewe nimekushonea ya kila siku. Utakubali?"

"Vipimo ulitoa wapi?"

"Fundi hakumbatii bure."

Gatwiri alivua ile chafu mbele ya soko zima, akabaki na fulana na suruali, akavaa mpya, akapandisha zipu mpaka shingoni. Ilimkaa barabara.

"Nimekubali. Na gereji sifungi, usije ukaniambia baadaye."

"Nani amekuambia ufunge?"

"Mzee, umesikia? Sasa shuka. Mimi sipandishi jeki mtu akiwa ndani."

"Mimi nashukia kwangu nyumbani."

"Basi tutangoja."

Akakaa juu ya tairi la akiba, akanunua ndizi, akamenya. Watu walizidi kujaa. Mzee alivumilia mpaka mama mmoja akauliza kwa sauti kama chifu amekwama. Hapo akatoka, akiguna, na gari likainuka upande huo mbele ya macho ya wote. Kicheko kilichopigwa kilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Gatwiri alilala chini na nguo yake mpya kukagua springi. Runji alifumba macho kwa kuihurumia satini yake. Tairi lilipokwisha kubadilishwa, lile lililopasuka lilikosa nafasi kwenye buti kwa sababu ya marobota, likawekwa kiti cha nyuma kushoto.

"Pale pamejaa, mzee. Kuna mbele."

"Na nani anaendesha?"

Runji alimkabidhi Gatwiri funguo, akaingia nyuma kulia bila neno. Kithaka aliangalia soko, akaangalia lile tairi, mwishowe akaketi mbele. Akashindwa kuufikia mkanda. Gatwiri aliinama akamfungia, na mkono wake ukaacha vidole vitano vyeusi juu ya koti la kaki. Mzee akatoa leso, akaanza kuvipangusa.

"Hiyo grisi haitoki, baba," Gatwiri alisema, akitia gia kuelekea Embu. "Utaizoea."