Ingrid Hanyauki

"Ingrid yumo ghalani. Saa sita anasafirishwa. Mrudishe nyumbani."

Redio ikanyamaza. Corinne Ybarra, mpelelezi wa jimbo la California, akavaa kofia ya fundi viyoyozi na kushuka kwenye Ford yake. Saa tano na nusu, Agosti, mjini Redding. Nje nyuzi arobaini na tatu.

Ingrid hakuwa mtu. Alikuwa mche wa bangi, wa pekee duniani. Mzee Odell Rasmussen aliuhangaikia miaka thelathini, akaupa jina la marehemu mkewe. Wezi wakauchukua, kisha wakachoma banda pamoja na vipandikizi vyote. Tangu siku hiyo mzee hagusi chakula, ni kahawa tu.

Mwizi ni Tripp Gallagher. Kibali cha kulima anacho, ujuzi hana. Katika ghala analolimia bangi chini ya taa, alikuwa ameuchanganya mche huo na mingine mia tatu inayofanana nao, yote ina vibandiko halali. Polisi wakivamia wataambulia aibu, maana nani atauonyesha ule wa wizi?

Corinne.

"Fundi ndiye wewe?" Tripp akamtazama toka juu mpaka chini. Mguuni mwa Tripp, viatu vya ngozi ya mamba. Shambani! "Nilidhani wataleta mwanaume."

"Mwanaume ana shughuli, bosi."

"Haya, chapchap. Nina mgeni."

Mgeni alikuwa Vandermeer, mnunuzi kutoka Rotterdam, kakalia ndoo akijipepea kwa pasipoti.

"Kiyoyozi itabidi nikizime nikisafishe," Corinne akasema. "Na taa nizime?"

"Taa ziache! Mgeni aone mali."

Corinne nusura acheke. Mkulima wa kweli wa kaskazini angemkaba koo. Kule mtu huacha harusi yake kwa ajili ya feni moja iliyonyamaza. Huyu anaacha taa sitini zikiwaka bila kiyoyozi, kisha anajiita mkulima.

Akazima.

Kipimajoto mkononi kikatetema. Thelathini na mbili. Thelathini na saba.

Arobaini na moja.

Bangi ya milimani, ya ukoo wa Hindu Kush, haipatani na joto. Ikizidiwa hukunja kingo za majani kama mtumbwi, kisha hulegea. Mstari wa kwanza ukakunja. Wa pili ukafuata, na wa tatu. Ile ya Thailand hustahimili, ila majani yake membamba yangejulikana tangu mlangoni. Ingrid alikuwa na sura ya mlimani na damu ya Thailand. Ndiyo maana Rotterdam walimtaka.

"Mbona inalala?" Vandermeer akauliza.

"Inapumzika," Tripp akajibu.

Inapumzika! Kiburi alipewa debe zima, akili hata kijiko hakuambulia.

Mstari wa tisa. Mche mmoja umesimama wima, majani bapa kabisa.

Corinne akachimba shinani, ndani ya chungu chake, kwa vidole. Wakulima wa zamani wa Humboldt, kwao Odell, huzika kitu cha mpendwa wao chini ya mmea mama. Akaitoa pete. Ndani imechorwa: *Odell na Ingrid, 1979*. Tripp hakuwahi kugusa udongo ule hata kwa ukucha.

"We! Weka chini!"

Tripp, Glock mkononi, jasho machoni. Spana ya Corinne ikatua kwenye kifundo chake cha mkono. Bastola ikateleza chini ya meza. Viatu vya mamba navyo vikateleza, pamoja na mwenyewe.

"Umeujuaje?" Tripp akagumia sakafuni. "Hata mimi nautafuta kwa orodha!"

"Aibu hiyo beba mwenyewe, kaka." Akainua redio. "Ingieni. Mstari wa tisa, na pete ninayo."

Mlango ukavunjwa. Vandermeer alikuwa ameshanyoosha mikono, pasipoti juu.

Corinne akaukalisha mche kiti cha mbele, akaufunga mkanda. Akapiga simu.

"Mzee Odell, pika kitu ule. Ingrid anarudi."

Kikombe kikasikika kikiwekwa mezani.

"Amekunja majani?"

"Hata moja."

Mzee akaangua kilio. Corinne akamwacha alie mpaka atosheke, kisha akawasha gari na kupeleka mkono kwenye kiyoyozi.

Akaurudisha. Abiria wake hakukihitaji.