Drane na Pancha ya Njia ya Juu

Drane alikuwa msusi. Nyumba yao ilikuwa bondeni, karibu na daraja, lakini wateja wake wengi walikaa vijiji vya juu, milimani. Jumamosi za msimu wa harusi aliamka mapema. Alikunywa kahawa na mama mkwe wake, Mrika, kisha akafunga sanduku lake nyuma ya pikipiki. Sandukuni alibeba vitana, vibanio, poda, shampuu na pasi ya nywele.

Mrika hakuipenda ile pikipiki.

"Enzi zetu msusi aliletwa kwa nyumbu," alisema asubuhi moja, akikung'uta kitambaa cha meza mlangoni.

"Nyumbu wenyewe wamezeeka, mama."

"Wamezeeka, lakini nyumbu hapati pancha."

Drane alicheka, akavaa kofia ngumu, akaondoka. Siku hiyo alikuwa anakwenda kumpamba Sose, binti wa kijiji cha juu kabisa.

Katikati ya korongo, gurudumu la nyuma lilianza kuyumba. Drane alisimama. Tairi lilikuwa limelala kabisa, kama mkate ulioshindwa kuumuka. Hakuwa na pampu. Hakuwa na spana. Simu nayo haikushika mtandao, maana kuta za korongo ni ndefu.

Mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alimwona. Alimpa maji, akamtilia cheri mfukoni, kisha akasema, "Panda pale kwenye jiwe jeupe. Pale simu hushika. Mimi nitakulindia sanduku." Akakaa kando ya sanduku kama anayelinda mtoto aliyelala.

Drane alimpigia mumewe, Pashk, aliyekuwa kazini kwenye kiwanda cha mbao. Pashk aliomba ruhusa, akaazima pikapu ya bosi, akaja. Wakaipakia pikipiki na kupanda mlima. Lakini walipofika, honi za msafara wa bwana harusi zilikuwa zimeshafika getini.

Na kule juu msafara haungoji. Bibi harusi hutoka nyumbani kwa baba yake kabla ya saa sita, awe tayari asiwe tayari. Sose alitoka. Upande mmoja wa nywele zake shangazi yake alikuwa ameuviringisha vizuri. Upande wa pili ulifungwa kwa utepe uliotoka kwenye sanduku la keki.

"Si kitu, dada Drane," Sose alimwambia alipompita. "Umefika, inatosha." Lakini kidevu chake kilitetemeka, na Drane alikiona.

Jioni, Pashk alivua viatu polepole.

"Bosi hakusema neno," alisema. "Lakini aliniangalia. Hii ni mara ya ngapi mwaka huu naacha mashine na kukufuata?"

"Najua."

"Drane, sikukatazi kufanya kazi. Ila tuiuze pikipiki. Ikipita sikukuu ya Mtakatifu Anton, binamu yangu ataichukua. Wanaokutaka watakuja hapa."

"Bibi harusi hashuki mlimani kuja kusukwa, Pashk. Asubuhi ya harusi hatoki kwa baba yake. Ukiuza pikipiki, umeiuza kazi yangu."

Pashk aliviweka viatu kando ya mlango. Mrika aliendelea kumenya vitunguu.

Kesho yake, Pashk alipokwenda kuangalia mizinga ya nyuki, Drane alinunua tyubu mpya. Alifungua gurudumu la nyuma uani kwa spana ya Pashk. Alichukua vijiko viwili vikubwa vya supu vya Mrika, akaingiza mipini yake chini ya ukingo wa tairi, akavuta kwa nguvu zote. Kijiko kimoja kikapinda. Akavuta tena. Jasho likamtoka. Baada ya muda mrefu tairi lilikaa kwenye rimu, na Drane akarudisha gurudumu mahali pake, akapuliza upepo kwa pampu ya baiskeli ya jirani. Tairi likajaa. Kisha likasema *sssss*, likalala.

Juu ya ukuta kilitokea kichwa cheupe. Alikuwa mzee Ndue, jirani yao. Alikuwa fundi wa matairi pale barabara kuu kwa miaka mingi, mpaka mgongo ulipomshinda.

"Binti, hapo unatengeneza tairi au unapika supu?"

"Mzee Ndue, usinicheke. Tyubu ni mpya na inavuja!"

"Ilikuwa mpya. Umeitoboa mwenyewe kwa hicho kijiko. Imebanwa kati ya chuma na rimu. Usione aibu. Mimi nilitoboa nyingi kuliko wewe kabla sijajua. Ngoja nije."

Alikuja taratibu, na kitambaa kilichokunjwa kwapani. Alikikunjua juu ya benchi. Ndani mlikuwa na vyuma bapa vitatu, vifupi, ncha zake laini kama ulimi. Pia mlikuwa na spana, kifungulio kidogo cha valvu, pampu fupi ya mkono, kipande cha msasa, gundi na viraka.

"Ni hivi tu?" Drane aliuliza.

"Ni hivi tu, na tyubu moja ya akiba. Vitu vya njiani haviwi vingi. Vikiwa vingi utaviacha nyumbani. Lakini kwanza jaribu spana kwenye nati ya pikipiki yako. Wengi hubeba spana, halafu njiani wanakuta haiingii."

Drane alijaribu. Haikuingia. Ndue alicheka mpaka akashika mgongo.

"Unaona? Hiyo ilikuwa ya pikipiki yangu. Nenda kalete ile ya Pashk, kisha ununue ya kwako."

Drane alileta spana ya Pashk. Ikaingia sawasawa. Mzee akaketi kwenye kigoda, akaficha mikono yake kwapani.

"Mimi sishiki kitu," alisema. "Nikishika, tutajua kwamba Ndue anaweza. Hilo tunalijua tayari. Haya, anza."

Drane alisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati. Alifungua nati ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, na fimbo ya breki. Alisukuma gurudumu mbele, cheni ikalegea, akaitoa kwenye meno ya gurudumu. Gurudumu likatoka. Akalilaza juu ya gunia ili rimu isikwaruzike.

"Toa upepo wote uliobaki. Fungua na nati ya valvu. Sasa panda juu ya tairi kwa miguu, karibu na rimu, mpaka ukingo ubanduke. Geuza, fanya na upande wa pili."

Drane alikanyaga. Ukingo ukabanduka kwa sauti kavu. Akachukua chuma bapa, akaanza kuvuta kama alivyovuta vijiko. Tairi halikusogea.

"Unavuta sana," Ndue alisema. "Wewe ukimvisha bibi harusi gauni lenye mikono ya kubana, unafanyaje? Unavuta mabega yote mawili kwa pamoja?"

"Hapana. Gauni litachanika. Naupitisha mkono mmoja, nasukuma kitambaa chote upande ule. Upande huu unapata nafasi, na mkono wa pili unapita wenyewe."

"Sasa angalia rimu. Katikati ina mfereji. Umeuona? Pale rimu ni nyembamba kuliko pembeni. Sukuma ukingo wa tairi uingie kwenye mfereji upande wa mbali. Upande huu wa karibu utakuwaje?"

Drane alipiga goti upande wa mbali wa tairi. Aliukandamiza ukingo, ukazama mferejini. Upande wa karibu, pale penye valvu, ukalegea. Akaingiza chuma cha kwanza, kidogo tu, kisha cha pili, mwendo wa vidole vichache pembeni yake. Akainua. Ukingo ukaruka nje ya rimu bila kupigana.

"Mama yangu!" Drane alisema. "Ni gauni kabisa!"

"Kwa hiyo njiani likikukatalia, usiongeze nguvu. Angalia kama upande wa mbali umetoka mferejini."

Drane aliitoa tyubu. Mzee akamwambia apitishe kitambaa ndani ya tairi lote, asitumie vidole, maana mwiba hauoni haya. Kitambaa kilinasa. Kilikuwa kipande cha waya, kile kile cha siku ya Sose.

"Ungeweka tyubu mpya bila kukitoa hiki, ungepata pancha ileile mlimani," Ndue alisema.

Alimfundisha pia kuziba. Drane alisugua tyubu kwa msasa mahali palipotoboka, akapaka gundi, akangoja ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo akabandika kiraka na kukikandamiza.

"Sasa itie upepo kidogo tu, ipate umbo. Tyubu iliyolala hujikunja na kubanwa. Ungekuwa na poda, ungeipaka ili iteleze."

"Poda?" Drane alicheka, akakimbilia sanduku lake la ususi. "Poda ninayo kila siku!"

Aliipaka tyubu poda ya maharusi. Aliipitisha valvu kwenye tundu lake. Kurudisha tairi alianza upande wa mbali na valvu, akamalizia penye valvu, magoti yake yakiukandamiza ukingo mferejini. Kabla ya kumaliza aliisukuma valvu juu kidogo, ili tyubu isibaki chini ya ukingo. Alipopuliza, alizungusha gurudumu kuangalia kama ukingo umekaa sawa pande zote. Ulikaa. Tairi halikusema *sssss*.

"Bado," mzee alisema. "Rudisha gurudumu. Kaza ekseli, rudisha fimbo ya breki, na ujaribu breki kabla ya kupanda. Mtu husahau breki kwa furaha."

Mrika alikuwa dirishani muda wote. "Na kijiko changu?" aliuliza.

"Nitakinyoosha, mama!"

Mzee Ndue alimwachia vyombo vyake, Drane akanunua spana na tyubu ya akiba, na wiki nzima alilifungua na kulifunga lile tairi uani. Pashk aliporudi kutoka kazini alimkuta ana mikono myeusi. Hakusema kitu kuhusu binamu, wala hakusema amebadili nia. Mrika alikuwa akishona kitu dirishani mwa jiko, penye mwanga, na Drane hakuuliza alichoshona.

Kisha simu ikaita. Alikuwa Vitore, binamu yake Sose.

"Dada Drane, naolewa Jumamosi. Nakutaka wewe. Watu wananiambia nitafute wa mjini. Utafika?"

"Nitafika," Drane alisema.

Asubuhi ya Jumamosi, Mrika alimpa mfuko wa turubai uliokunjwa na kufungwa kwa utepe. Ulikuwa na mifuko midogo, na kila chombo kilikuwa kimechomekwa mahali pake.

"Vilikuwa vinagongana kwenye sanduku," Mrika alisema, akageukia jiko lake. "Vitavunja chupa zako."

Drane aliondoka saa nzima mapema kuliko kawaida. Korongoni, karibu na mahali palepale, gurudumu la nyuma likayumba.

Alisimama. Aliangalia juu, kule kwenye jiwe jeupe ambapo simu hushika. Kisha akaweka pikipiki kwenye stendi ya kati, akafungua mfuko.

Ekseli, breki, cheni. Akatoa upepo, akakanyaga. Akaingiza chuma, akainua, na ukingo ukakataa. Aliinua chuma kuvuta kwa nguvu zaidi, kisha akajizuia. Akaangalia upande wa mbali. Ukingo ulikuwa umetoka mferejini.

"Mkono mmoja kwanza," alijiambia, akapiga goti. Ukingo ukazama. Tairi likakubali.

Kitambaa kilinasa msumari mdogo wa kichwa bapa. Aliutia mfukoni. Akaweka tyubu ya akiba, akapiga pampu mpaka bega likauma, akajaribu breki. Alipomaliza aliitazama mikono yake. Ilikuwa myeusi hadi viwikoni. Atashikaje shela jeupe?

Ndipo alipouona mfuko mdogo mwishoni kabisa mwa turubai, ambao hakuwa ameufungua. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni nyeupe, kitambaa safi, na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni ya kuondolea grisi.

Drane alikaa kidogo na ile sabuni mkononi. Kisha akashuka kwenye chemchemi ya kando ya njia, akanawa.

Alipofika, Vitore alikuwa bado anakunywa kahawa. Bibi yake Vitore, aliyekuwa amevaa vazi lake zito la sufu, alimshika mikono, akaigeuza, akainusa.

"Sabuni na grisi," alisema. "Umefanya kazi mbili leo, mwanangu. Kaa, kula kwanza."

Honi ziliposikika, nywele za Vitore zilikuwa zimesukwa pande zote mbili. Sose, aliyekuja na mumewe, alizunguka nyuma kuziangalia, kisha akamkumbatia Drane. Bibi harusi alitoka kabla ya saa sita.

Jioni, Pashk alikuwa ameketi mlangoni na viatu vya kazi miguuni, funguo za pikapu ya bosi mkononi. Alikuwa ameziomba tangu alfajiri, kwa tahadhari.

"Simu mbona haikuita?" aliuliza. "Hukupata pancha?"

"Nilipata."

Pashk alimtazama, akaitazama pikipiki. Akavua viatu. "Nitampelekea bosi funguo zake," alisema. "Na binamu atafute pikipiki kwingine."

Drane alitoa ule msumari mfukoni, akauweka mezani mbele ya Mrika. Ulikuwa msumari wa kupigilia kiatu cha chuma kwenye kwato za nyumbu.

"Mama, ulisema kweli. Nyumbu hapati pancha. Lakini huwagawia wenye pikipiki."

Mrika aliuokota, akaugeuza chini ya taa, akacheka hadi akafuta macho kwa aproni. Kisha akammiminia mkwe wake kahawa, na kumsogezea bakuli la sukari.

"Haya, niambie," alisema. "Sabuni ilitosha?"