Ngoma ya Mchakamchaka

Kila asubuhi Georgina alisimama katikati ya uwanja wa shule yao, karibu na Kemondo, akipiga ngoma huku wenzake wakimzunguka kwa mchakamchaka. Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Kijiji kizima cha ujamaa kililima, mvua ikagoma, na wanafunzi wengi walikimbia bila hata uji tumboni.

Georgina alikuwa na lake moyoni. Alitaka kuchaguliwa kupiga ngoma Bukoba siku ya Saba Saba, na aliamini atachaguliwa mwenye mikono myepesi kuliko wote.

"Polepole kwanza," Mwalimu Lwakatare alimwonya. "Mapigo yakiwa sawasawa, kasi itakuja yenyewe."

Thubutu! Mwalimu alipoingia ofisini tu, Georgina alifumba macho akaichapa ngoma. Kasi ikapanda, ikapanda tena, mpaka mikono ikamshinda. Wenzake, waliozoea kuifuata ngoma, wakazidi kukimbia.

"Acha ngoma! Jovita ameanguka!" mmoja wa wakimbiaji alipiga kelele.

Jovita alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Alilala vumbini, midomo imekauka, haitiki.

"Mae waitu, mama wee, nimemuua!" Georgina alilia.

Jovita alipelekwa zahanati kwa baiskeli. Alizinduka, lakini hakurudi shuleni. Georgina alipokwenda kumtazama nyumbani, mama yake Jovita alimwonyesha mlango wa chumba.

"Nilikuita," Jovita alisema kwa sauti ndogo. "Hukunitazama."

Maneno hayo yalimchoma. Hakutaka hata kuiona ngoma, ila mwalimu alimwita kila jioni. Alimfundisha kulegeza viwiko, kubadilisha mkono wa kulia na wa kushoto bila pupa, kupandisha kasi kidogo na kuishusha bila kukatiza mapigo, macho wazi. Mazoezi hayo yalimchosha hasa.

Saba Saba ikafika. Alikwenda mwanafunzi mwingine.

Siku Jovita aliporudi, amekonda, aling'ang'ania kukimbia nyuma ya mstari. Georgina hakumwondolea macho. Alipoona ameshika kifua, alishusha mwendo taratibu, na mstari wote ukashuka naye. Jovita akamaliza mzunguko, akitabasamu kwa shida.

Mwalimu Lwakatare alimsogelea Georgina.

"Saba Saba imekupita, na mwenzako bado hana nguvu. Hayo hatuwezi kuyafuta," alisema. "Lakini leo umepiga ngoma kweli. Ukiishika, umeshika pumzi za wenzako, mwanangu. Usipandishe kamwe mwendo ambao hujajua kuushusha."