Zamu ya Saa Nane

Kila asubuhi nyumbani kwa akina Saimi watu wawili walipakia mabegi ya shule. Wa kwanza alikuwa Saimi mwenyewe, msichana wa miaka kumi na miwili. Wa pili alikuwa baba yake, Ismo, aliyekuwa na miaka arobaini na saba na mvi za kutosha. Walikunywa uji wa shayiri wakitazamana, kila mmoja na daftari lake, na mama aliwauliza wote wawili kama wamemaliza kazi ya nyumbani.

"Baba, leo unapita njia gani?" Saimi aliuliza akivaa viatu vya theluji.

"Ileile ya darajani, wanakopita wenzako wote. Kwani vipi?"

"Basi mimi napita msituni."

"Msituni ni mbali mara mbili."

"Napenda kutembea."

Ismo alimtazama, akafunga zipu ya koti lake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Katika mji wa Rautakoski, huko kaskazini kwenye theluji, mtu akisema maneno kumi kabla ya saa sita mchana, watu humwuliza kama anaumwa.

Kwa miaka ishirini na minne Ismo alikuwa msimamizi wa mashine namba mbili katika kiwanda cha karatasi. Kisha watu wakaacha kununua magazeti, na wenye kiwanda wakakifunga. Siku moja tu watu mia sita wakawa hawana kazi. Wengine walikwenda Norway. Wengine waliweka vibao vya "Nyumba Inauzwa", na vibao vikapauka kwa jua bila mnunuzi kutokea. Ismo alikaa nyumbani miezi mitano akila posho ya wasio na kazi, na katika muda huo alilitengeneza jiko la sauna, chumba chao cha kuogea mvuke, mara tatu ingawa halikuwa bovu. Halafu asubuhi moja alikwenda chuo cha ufundi akajiandikisha kusomea kazi ya kuhudumia wazee.

"Karatasi zimekwisha," alimwambia mkewe, "lakini wazee hawajaisha."

Mama alicheka, akambusu. Saimi hakucheka. Kuogesha wazee! Tena darasani, pamoja na vijana wa miaka kumi na saba! Mwalimu Riitta alipoanza kufundisha habari za ajira na mishahara, akamtaka kila mwanafunzi aandike kuhusu kazi ya mzazi wake, Saimi aliandika hivi: "Baba yangu ni fundi wa mitambo Norway."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye aliipita kwa gharama. Eelis, aliyekaa naye dawati moja, alitaka kujua kama baba akirudi huleta chokoleti. Saimi akajibu huleta nyingi. Tangu siku hiyo ikabidi anunue chokoleti duka la kona, abandue karatasi ya bei, na kumpelekea Eelis kama zawadi kutoka ng'ambo.

Wiki ya sikukuu ya uhuru ikafika. Mwalimu Riitta akatangaza kwamba Ijumaa mchana darasa zima litakwenda kuwaimbia wazee katika nyumba wanakotunzwa. Ndiko Ismo alikokuwa akifanya mazoezi ya kazi. Jioni hiyo, mezani, baba yake naye alikuwa na habari.

"Ijumaa ndiyo mtihani wangu wa vitendo. Merja, mkuu wa nyumba ya wazee, ataniangalia nikiwa kazini. Nikifaulu, ananiajiri. Nikianguka, itabidi tuuze nyumba tuhamie kusini."

"Tumuuzie nani?" mama aliuliza.

Siku ya Ijumaa wanafunzi waliacha makoti na theluji yao mlangoni, wakajipanga ukumbini. Wazee walikuwa wameketi na kahawa na maandazi ya iliki. Karibu na dirisha alisimama Ismo, amevaa sare ya buluu, na kifuani ana kibandiko kilichoandikwa MWANAFUNZI. Merja alikuwa nyuma yake na kalamu mkononi.

Ismo alimwona Saimi. Akamwona pia Eelis kando yake. Aliitikia kwa kichwa darasa zima, kama mtu anavyosalimia wageni, kisha akageuka upande mwingine.

Saimi alielewa. Baba alikuwa anajua. Alijua kwa nini binti yake hupita msituni, na leo, siku ngumu kuliko zote, alikuwa amemfungulia mlango wa kutorokea. Saimi alishusha pumzi, halafu akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Kabla wimbo haujaanza, mzee mmoja mrefu aliinuka kitini. Aliitwa Veikko. Alikuwa amefanya kazi kiwandani maisha yake yote, na sasa kumbukumbu zake zilikuwa zimevurugika. Alisukuma kigari chake cha kutembelea hadi ukutani, akaweka kiganja juu ya bomba la maji ya moto linalopasha ukumbi joto, akasimama hapo wima.

"Mzee Veikko, kaa basi, watoto wanataka kuimba," muuguzi kijana alimsihi. "Hata chakula hujala."

"Nitakaaje? Saa nane inafika na wa kunipokea hajatokea!"

"Kiwanda kilishafungwa, mzee."

"Nani kakifunga? Mashine hii hapa inakwenda! Wewe huisikii?" Sauti yake ilipasuka. "Siiachi peke yake. Sijawahi kuiacha!"

Baadhi ya wanafunzi walicheka. "Kachanganyikiwa huyo," Eelis alinong'ona. Muuguzi akamshika mzee mkono, mzee akaukung'uta. Ilikuwa hivyo kila siku wakati huo, na kila siku walimwambia upya kwamba kiwanda kimefungwa, na kila siku mzee aliipokea habari hiyo kama msiba mpya. Merja alimtazama Ismo. Huu sasa ulikuwa mtihani.

Ismo hakukimbia. Alitazama saa ya ukutani, akakunja mikono ya shati, akaenda kusimama kuliani kwa mzee, hatua moja nyuma, mahali ambapo mtu wa zamu mpya husimama. Akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu waliozoea kelele za mashine:

"Habari za mchana. Mimi Ismo, mashine namba mbili. Nimekuja kukupokea."

Mzee alimkagua kuanzia viatu hadi nywele. "Umechelewa."

"Zimebaki dakika nane."

"Sisi tulikuwa tunafika robo saa kabla!"

"Ni kweli. Sitarudia."

"Haya, sikiliza. Karatasi imekatika mara mbili tangu asubuhi. Rola ya tatu inalia, upande wa mto. Usiiamini."

"Beringi ya ndani au ya nje?"

Macho ya mzee yakafunguka. "Ya nje. Kumbe kazi unaijua!"

"Nimeifanya miaka ishirini na minne."

"Basi ni yako." Mzee Veikko aliondoa mkono kwenye bomba, taratibu, na mabega yake yakashuka. "Nimekabidhi."

"Nimepokea. Nenda ukanywe kahawa, mzee. Mimi nipo hadi saa nne usiku."

Mzee alirudi kitini bila kushikwa mkono, akala andazi, akaomba la pili. Muuguzi kijana alifuta macho. "Mwezi mzima hajala wakati huu," alisema.

"Yule jamaa ni nani?" Eelis aliuliza, safari hii bila kucheka. "Ni kiboko!"

Saimi alimtazama Eelis usoni. "Ni baba yangu."

"Si yuko Norway?"

"Hajawahi hata kufika Norway. Chokoleti nilikuwa nanunua duka la kona." Kisha akageuka, na sauti yake ikasikika hadi dirishani. "Mwalimu, niliandika uongo. Baba yangu ni huyo pale. Anajifunza kuhudumia wazee."

"Ndiyo maana ile chokoleti nilikuwa naijua!" Eelis alisema, na wazee waliomsikia wakacheka.

Ismo alikuwa amesimama na birika la kahawa mkononi. Aliliweka mezani taratibu. Merja aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaikunja. "Umefaulu," alimwambia. "Kazi unaanza mwaka mpya."

Waliimba, na Saimi aliimba kwa nguvu kuliko wote. Kabla ya kutoka, Mwalimu Riitta aliwakusanya wanafunzi mlangoni.

"Leo mmepata somo ambalo mimi nisingeweza kuliandika ubaoni," alisema. "Mahitaji ya watu yakibadilika, kazi nazo hubadilika, na mtu hodari anaweza kujikuta hana kazi bila kosa lolote. Wenye kiwanda waliondoka na mashine zao, lakini ujuzi wa Ismo hawakuweza kuondoka nao. Kuanza upya si aibu. Aibu ni kumficha aliyethubutu kuanza upya." Akaweka mkono begani mwa Saimi. "Na kusema kweli mbele ya wenzako nako ni kazi ngumu. Umeifanya vizuri."

Masomo ya Ismo yalikuwa yamebaki wiki mbili: asubuhi chuoni, na kuanzia saa nane mazoezi katika nyumba ya wazee. Jumatatu asubuhi mabegi mawili yalitoka pamoja.

"Unapita njia gani?" Ismo aliuliza.

"Ya darajani."

Walishika njia. "Baba, hukumdanganya mzee?"

"Nilimwambia nimekuja kumpokea. Zamu yangu ilianza saa nane. Uongo uko wapi?"

Saimi alifikiri, akatabasamu. "Na mshahara?"

"Mdogo kuliko wa kiwandani."

"Kwa nini, na kazi yenyewe ni ngumu hivyo?"

"Muulize mwalimu wako. Akipata jibu, na mimi nalitaka."

Nyuma yao theluji ilisikika ikikanyagwa kwa haraka. Alikuwa Eelis, akihema.

"Ismo! Ile beringi imepona?"

"Bado inalia," Ismo alijibu bila hata kutabasamu. "Saa nane nitaiangalia."

Saimi akamshika baba yake mkono, wakavuka daraja mbele ya macho ya shule nzima.