Ndoo za Zinash na Pilipili za Etiye Askale

Jengo letu hapa Addis Ababa hupata maji Jumanne na Ijumaa tu. Bomba la uani likianza kukohoa alfajiri, kila mtu hushuka mbio na madumu yake, na ole wake atakayejaribu kuruka foleni. Tukirudi juu tunajaza kila kitu chenye mdomo: pipa, sufuria, birika, hata chupa za soda. Mimi hupanda na dumu mgongoni hadi ghorofa ya tatu, huku nimenuna. Jina langu ni Zinash, nina miaka kumi na mitatu, na mama husema nilizaliwa nikigomba.

Muhula ule Mwalimu Tadele alitufundisha kutengeneza ndoo ya mboga inayojinywesha maji yenyewe. Unachukua ndoo mbili za rangi zilizooshwa vizuri, unaingiza moja ndani ya nyingine. Ya chini inakaa maji, ya juu inakaa udongo. Katikati unapitisha kikopo chenye matundu, kilichojaa udongo, mpaka kiguse maji. Udongo wa kikopo unanyonya maji na kuyapandisha polepole. Unachomeka na mpira wa kumiminia maji pembeni, unaoshuka mpaka ndoo ya chini. Mwisho, ubavuni mwa ndoo ya chini, unatoboa tundu ili maji yakizidi yatoke.

"Tundu hilo msilisahau," mwalimu alisema. "Mizizi nayo inapumua."

Nilitengeneza ndoo nne, nikapanda pilipili mbichi, nikazipanga kwenye baraza mbele ya mlango wetu. Chini yetu, ghorofa ya pili, anakaa Etiye Askale. Ni mjane, na Etiye ni jina la heshima tunalomwita kila mama mtu mzima. Hukausha pilipili nyekundu kwenye mkeka ukingoni mwa baraza yake, huzisaga pamoja na viungo, na huuza berbere hiyo kwa jengo zima. Hana kazi nyingine.

Ijumaa ya kwanza nilijaza ndoo zangu bila kipimo. Maji yakatoka tunduni, yakatambaa sakafuni, yakamwagikia mkeka wake.

"Wewe Zinash! Unaniogeshea pilipili?"

"Si maji tu, Etiye? Yatakauka."

"Yataota ukungu! Utakula wewe berbere yenye ukungu?"

"Basi anika kwingine. Jua ni la Mungu, hukulinunua."

"Mtoto huna adabu!" Alipiga ukuta kwa kiganja, na milango ikaanza kufunguka. "Nikiona tone moja tena, hizo ndoo nitazimaliza mwenyewe!"

Nilirudi ndani nikachonga vizibo vinne vya mti, nikavizungushia nta ya mshumaa, nikaziba matundu yote. Sikufanya hivyo kwa kumwonea huruma. Tundu lenyewe nililiona la kijinga tangu siku ya kwanza. Katika jengo linalopata maji mara mbili kwa wiki, nani mwenye akili timamu atatoboa chombo ili maji yamwagike? Tangu siku hiyo, kila maji yalipokuja, nilijaza ndoo zangu mpaka juu kama tunavyojaza kila chombo.

Wiki ya tatu majani yakawa ya njano, yakalegea. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Kufika Alhamisi miche yote minne ilikuwa imelala.

Nilisimama ukingoni mwa baraza nikapiga kelele mpaka uani. "Etiye Askale ametia dawa ya kutoa madoa ya nguo kwenye ndoo zangu! Alisema atazimaliza, na amezimaliza!"

Sikuwa nimeona kitu. Lakini tishio lake lilisikiwa na kila mtu, nami nilitaka awe yeye.

Maneno yalishuka ngazi kwa kasi kuliko mimi mwenyewe. "Anayetia sumu kwenye ndoo ya mtoto atatia nini kwenye berbere?" wanawake waliulizana kwenye foleni ya maji. Kesho yake hakuna aliyebisha hodi kwake na kopo la kununulia berbere. Siku ya pili vilevile. Alasiri alipokuja uani kunywa kahawa na wenzake, mwenye kahawa alimwambia imekwisha, na birika bado linatoa mvuke. Etiye Askale alisimama kidogo, akakunja shuka lake begani, akarudi ndani. Nilifurahi. Sitaficha, nilifurahi sana.

Jumamosi hiyohiyo niliamua kupanda upya, nikaimwaga ndoo ya kwanza. Harufu ilinirudisha nyuma. Udongo ulikuwa tope jeusi linalonuka kama mtaro. Mizizi ilikuwa ya kahawia na laini, ukiigusa ngozi yake inachunika. Nikavuta kizibo cha ndoo ya pili, maji yakaruka na harufu ileile. Hapakuwa na dawa yoyote pale. Pilipili zangu zilikuwa zimezama, na aliyezizamisha ni mimi.

Nilikirudisha kizibo haraka, nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeniona. Nikaingia ndani, sikumwambia mtu.

Jumapili Bwana Degefu, mwenyekiti wa jengo, aliita mkutano uani. Shauri lilikuwa moja: Etiye Askale azuiwe kuanika na kuuza chochote jengoni.

"Nilitishia, ndiyo," alisema Etiye. "Kinywa changu ni kibaya, mnakijua. Lakini ngazi za ghorofa ya tatu sijazipanda. Mkinizuia kuuza, nitakula nini?"

"Ungefikiria hayo kabla ya kumwonea mtoto!" mtu alimrushia.

"Muongo!" mwingine akadakia.

Bwana Degefu akanigeukia. "Zinash, simama. Waambie ulichoona."

Nilisimama. Nilimtazama Etiye Askale, naye alinitazama kwa chuki ambayo nilistahili.

"Sikuona kitu," nikasema.

"Sema kwa sauti!"

"Sikuona kitu! Niliziba tundu mwenyewe. Mizizi imeoza kwa maji. Nimejua tangu jana, nikanyamaza."

Nilipanda nikashuka na ndoo, nikavuta kizibo mbele yao. Ile harufu ilimaliza ubishi. Watu waliokuwa wakimzomea Etiye sasa wakanizomea mimi, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu walijua na wao walikuwa wamekosea.

Mama hakunipiga. Alikwenda nyuma ya ua, akarudi na jiwe la ukubwa wa mkate, akaniwekea kisogoni.

"Kwetu Gojam mtu aliyemwonea mwenzake haendi kuomba radhi mikono mitupu," alisema. "Uongo wako uliingia kila nyumba. Nenda na wewe uingie kila nyumba. Na jiwe hilo asilitue mtu ila huyo uliyemsingizia."

Ukiacha wetu, jengo letu lina milango thelathini na miwili. Niliinama na jiwe langu, nikabisha hodi mlango mmoja mmoja, na kila mahali nikasema yaleyale: "Nilimsingizia Etiye Askale. Hakufanya kitu." Wengine walicheka. Mmoja alinifungia mlango usoni. Watoto walinifuata ngazini wakiimba jina langu. Shingo iliwaka moto.

Mlango wa mwisho ulikuwa wake.

"Umemaliza?" aliuliza bila kusogea kunipisha.

"Nimemaliza, Etiye. Milango thelathini na mmoja."

"Uliwaambia wao. Mkutanoni pia uliwaambia wao. Mimi hujaniambia."

Ni kweli. Nilikuwa nimeomba radhi kwa jengo zima kasoro mtu niliyemkosea. Machozi yakaanza kudondoka sakafuni kwake.

"Nisamehe, Etiye. Nilikusingizia. Tena nilijua, nikanyamaza."

 Kisha nikahisi mikono yake yenye ukali wa pilipili ikishika jiwe, nalo likatoka shingoni mwangu.

"Sikiliza," alisema, bado sauti ni ya ugomvi. "Mimi nilikosa kwa kukutishia mtoto wa watu. Lakini kutishia siyo kutenda. Ukipatwa na hasara, chimba kwanza kwenye ndoo yako, ndipo umtazame jirani. Na ukigundua umekosea, sema saa hiyohiyo. Ile siku moja uliyonyamaza ndiyo iliyoniuma kuliko kelele zako zote. Umenisikia?"

"Nimesikia, Etiye."

"Haya, nenda. Na ndoo zako uzisogeze upande ule, pasipo na mkeka."

Asubuhi yake, nikishuka kwenda shule, wanawake wawili walikuwa mlangoni kwake na makopo, wameinamisha macho. Etiye Askale aliwaacha wasimame pale kitambo kabla ya kuwapimia.