Abiria wa Matongo

Rafiki yangu Limbu anaendesha bajaji ya umeme pale Nyamongo, zile zinazoitwa kwa simu kwa safari fupi fupi. Hazina mlio kabisa.

Jioni moja, chaji ikiwa imebaki kidogo, akaitwa na mteja aliyeko Matongo. Akaenda huku analalamika. Kufika penye mashimo ya zamani ya dhahabu, hakuna mtu. Akampigia mteja, simu haipokelewi. Akajaribu kufuta safari, ikagoma. Simu ikaandika: "Abiria amepanda."

"Amepanda wapi?" Limbu akafoka, akageuza kurudi nyumbani.

Giza likamkuta njiani. Ndipo akasikia nyuma yake ko, ko, ko kwenye bomba la kushikilia, vile abiria wanavyogonga wakitaka kushuka. Akasimama, akamulika. Kiti kitupu. Akaondoka, bomba likagongwa tena. Safari hii hakusimama. Alitukana tu akakaza mwendo, huku chaji inaisha anaiona, na nyuma kunagongwa mpaka anaingia uani kwake. Hapo kukawa kimya.

Na umeme umekatika! Hata pa kuchaji hakuna. Akalipiga tairi teke.

Mkewe, Gati, akatokea mlangoni na tochi.

"Usiniulize kitu," Limbu akamwambia. "Nimezunguka bure, sijabeba mtu."

Gati akamulika kiti cha nyuma. Akainama kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Kisha akasogea pembeni ya mlango, akampisha aingie ndani.